Wajomba wa Diwani: Safari ya Toronto kwa Ajili ya Wimbo Mmoja

Sababu ya kusafiri ilikuwa wimbo mmoja wa dakika sita, na kwamba mtu aliyeutunga hawezi tena kuupiga. Naanza hivyo kwa sababu nikiwaambia watu hapa Moshi kwamba nilipanda ndege mpaka Kanada kwenda kupiga gitaa dakika sita, wanacheka, na mimi huanza kujitetea kabla hawajamaliza kucheka.

Baba yangu, mwalimu mstaafu, alisoma darasa moja na Mgoa wa hapa mjini aitwaye Agnelo. Walipokuwa vijana, familia ya Agnelo ilihamia Toronto. Waliendelea kuandikiana barua. Agnelo akawa karani wa jiji, na baadaye diwani wa Malvern, upande wa Scarborough, akachaguliwa tena na tena mpaka nywele zikawa nyeupe. Lakini kabla hajawa diwani, majira fulani ya baridi kali, gari la bendi moja kutoka jimbo la Georgia liliharibika jirani na kwao. Wanamuziki wanne, wazungu wenye ndevu na buti za ngozi, wakalala sebuleni kwa mama yake wiki mbili. Walipiga roki ya Kusini mwa Marekani: magitaa mawili yanayojibizana, sauti za kukwaruza, nyimbo ndefu zisizo na haraka ya kwenda popote. Siku moja walipiga jikoni, kinasa sauti kikiwa juu ya friji. Nakala ya kaseti hiyo ilimfikia Baba kwa mkono wa padri.

Mimi nilijifunza gitaa kwa kaseti hiyo. Sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na gitaa kuukuu la kwaya na kichupa cha dawa ya kikohozi, nilichokivaa kwenye kidole na kukitelezesha juu ya nyuzi ili zilie kama za Wendell, mpiga solo wao. Naijua kila sauti iliyomo, hata mahali kiti kinapokwaruza sakafu. Katikati ya solo kuna mahali gitaa linanyamaza kabisa. Ngoma na besi zinaendelea kwa mapigo kumi na sita, kisha solo inarudi kama mtu aliyekuwa akifikiri. Niliupenda ukimya huo kuliko noti zote. Niliwahi kurekodi video ya simu nikaeleza kwa dakika kumi na moja kwamba ukimya ule ndio moyo wa wimbo. Watu waliitazama. Niliona fahari.

Nikiri jambo lingine mapema. Mpaka siku naondoka, nilikuwa sijawahi kumaliza wimbo mbele ya watu. Video zangu nazirekodi peke yangu, mlango umefungwa, mara thelathini, mara arobaini, mpaka ipatikane moja isiyo na kosa. Mbele ya watu nilijaribu mara mbili, harusini kwa binamu yangu na siku ya vijana usharikani. Mara zote mbili nilikosea noti moja, nikaweka gitaa chini, nikatoka. Usharikani nilitokea mlango wa nyuma nikaenda nyumbani kwa miguu.

Basi Agnelo alipompigia Baba simu, akasema anastaafu, na Jumapili moja ya Oktoba wapiga kura wake wanamwandalia tafrija ya mchana kwenye ukumbi wa parokia, na Wageorgia wanakuja, lakini Wendell amepata kiharusi na mkono wa kushoto haukamati tena, na yeye ameona video ya binti wa Mwalimu na atalipa tiketi, nilitikisa kichwa kukataa. Baba hakuniangalia. Alisema kwenye simu, "Atakuja." Sikulala vizuri mwezi mzima.

Jumatano, uwanja wa ndege wa KIA. Mizigo yangu ilikuwa begi moja la nguo na gitaa ndani ya blanketi mbili. Toka Addis Ababa mpaka Toronto nilisikiliza wimbo ule kwenye simu mara nyingi kiasi kwamba bibi aliyekaa karibu yangu aliniuliza kama nimefiwa.

Alhamisi asubuhi, Toronto. Agnelo alikuwa amesimama mahali pa kupokelea wageni, mfupi, sweta la kijani, kibao mkononi kimeandikwa "BINTI WA MWALIMU".

"Shikamoo, Anko."

"Marahaba, mwanangu. Loo! Hata kusimama unasimama kama baba yako. Kama mtu anayesubiri kuchapwa."

Kiswahili chake ni cha Moshi ya zamani kilichochanganywa na Kiingereza kila baada ya maneno matatu. Barabarani kuelekea Malvern miti ilikuwa imegeuka rangi, nyekundu na ya dhahabu. Nilitaka kuitazama lakini vidole vyangu vilikuwa vinapiga solo kwenye goti. Nyumbani alikuwepo dada yake, Anti Filo, mjane anayeishi naye, mwanamke mnene wa sauti kubwa. Aliniangalia mikono kabla ya uso.

"Kucha fupi. Vizuri," alisema. "Wajomba wanafika kesho. Ule kwanza, wale watu wakija hakibaki kitu."

Nyumba hiyo yote huwaita wale wanamuziki wajomba. Hata wajukuu wa Anti Filo, wanaoelewa Kiswahili chote lakini wanakujibu kwa Kiingereza, neno "wajomba" wanalitamka sawasawa.

Ijumaa mchana wajomba walifika na gari dogo lenye vumbi la majimbo mengi. Wanne bado wako hai. Mpiga ngoma ni Hoyt, mrefu kama mlingoti, msema ovyo. Wa besi na wa gitaa la pili ni watu wa kutabasamu tu. Wendell alishuka mwisho, taratibu, mkono wa kushoto ndani ya mfuko wa koti. Kiingereza chao kinavutwa kama mpira, hivyo maneno yao nayaandika kwa Kiswahili jinsi nilivyoyaelewa, mengine kwa msaada wa Anti Filo.

Mazoezi yalikuwa kwenye banda la gari. Kabla ya kuanza, Agnelo alitoa kwenye sanduku kengele ya ng'ombe na kijiti, akasimama pembeni ya ngoma. Nilidhani ni mzaha. Nyimbo nyingi za watu hawa zina kengele hiyo, ikigongwa sawasawa na ngoma. Agnelo aligonga popote alipojisikia. Sijawahi kuona mtu asiye na sikio kiasi kile. Niliuma meno.

Anti Filo akapiga kelele kutoka mlangoni, "Mheshimiwa, ng'ombe wako wamepotea! Rudi zizini!"

"Nyamaza, Filo. Hawa wananielewa."

Nikamtazama Hoyt. Alikuwa akimwangalia Agnelo mkononi, na kila kengele ilipochelewa, ngoma nayo ilichelewa kidogo, ikaenda kumchukua. Besi ikafuata ngoma. Wimbo wote ulisogea kama watu wanaompisha mzee njiani, kisha ukaendelea. Nilimuuliza Hoyt kwa nini hawamwambii.

"Tumwambie nini?" alisema. "Hapa ni kwake. Akipotea tunamfuata alipo. Sisi ndio tunaojua njia."

Kisha wakaanza ule wimbo, nikavaa kichupa changu. Nilipiga kama kaseti ilivyo. Nilifika kwenye ukimya, nikanyanyua kidole, nikafumba macho, nikahesabu kumi na sita, nikarudi. Tulipomaliza, sikukosea hata mahali pamoja. Nilifumbua macho nikisubiri sifa. Wajomba walikuwa wakitazamana. Wendell, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, aliuliza polepole, "Binti, pale katikati, kwa nini umeacha?"

Nilimweleza. Nilisema kuhusu moyo wa wimbo. Nilitumia hata neno "falsafa", Mungu anisamehe.

Wendell alianza kucheka mpaka akashika ubavu. "Sambusa," alisema. "Mama yake Agnelo alikuja na sahani. Mikono yangu yote iko kwenye gitaa, yeye akanitia sambusa mdomoni. Ya moto! Sikuweza kuitema mbele ya mama wa watu. Nikaacha kupiga, nikatafuna."

Hoyt aliangukia ngoma kwa kicheko. Agnelo alisimama na kengele yake. "Mimi nilikuwa wapi? Nimesikiliza kaseti hiyo maisha yangu yote!"

"Nje, unazoa theluji. Mama alikutuma."

Walicheka kwa upendo, najua sasa. Wakati ule nilisikia masikio yangu yanawaka. Nilikuwa nimeishi miaka tisa na mtu anayetafuna, nikamhubiri. Nikauliza kwa sauti ndogo, "Sasa pale huwa unapiga nini?"

Wendell alifikiri. "Kila siku kitu kingine. Huwa najua nikifika pale."

Hilo ndilo lililonimaliza. Kama angesema noti, ningezikariri usiku huo huo. Hapakuwa na cha kukariri. Mapigo kumi na sita matupu, mbele ya ukumbi mzima, siku ya mtu kuaga kazi yake.

Jumamosi asubuhi nilitoka nyumbani bila kuaga. Pasi ya kusafiria ilikuwa mfukoni. Gitaa nililiacha kitandani, na hilo linanitia aibu kuliko yote, kwa sababu maana yake nilikuwa nimeamua. Nilisimama kituo cha basi bila kujua mabasi yanaenda wapi. La kwanza lilisimama, dereva akafungua mlango, akaningoja. Nikatikisa kichwa. La pili vivyo hivyo. La tatu lilikuwa linakuja, nikapiga hatua moja mbele, ndipo gari la Agnelo likasimama mbele yangu.

"Panda," alisema. "Twende Unionville tukachukue spika."

Hakuuliza chochote. Spika zilikuwa za rafiki yake mwenye duka, Mwismaili aliyezaliwa Mwanza. Njiani nikauliza swali lililokuwa likinisumbua toka nyumbani: diwani wa mtaa wenye watu kutoka kila pembe ya dunia amewezaje kudumu na wanamuziki hawa, na kwa nini, nilivyosikia, huwa hawampigii hadharani.

Alipunguza mwendo.

"Kampeni yangu ya kwanza niliwaita," alisema. "Nilitaka watu wajae. Walijaa. Kesho yake picha ikatoka gazetini. Mimi nimenyanyua mikono, na nyuma yangu ngoma ya Hoyt, na kwenye ngoma kuna bendera. Unaijua ile bendera ya Kusini? Ya majimbo yaliyopigana ili utumwa usife. Bendi nyingi za kwao ziliibandika kama pambo. Mimi nilikuwa nimeiona miaka yote, Aika. Nimeiona jikoni kwa mama yangu. Sikuuliza. Mtu akishakula kwenu unaacha kuuliza."

"Ikawaje?"

"Mama mmoja Mjamaika, mpiga kura wangu, alikuja ofisini. Akaweka gazeti mezani, akakaa. Hakusema neno. Alikaa mpaka nikasema mimi. Nilisema vibaya. Nilijitetea. Nikaanza upya, nikajitetea tena. Mara ya tatu nikasema tu kwamba niliiona na nikanyamaza."

"Na wajomba?"

"Nilimpigia Wendell. Tulinuniana miezi. Hoyt alisema mambo nisiyoyarudia kwako. Kisha siku moja Wendell akatokea mlangoni, ameendesha siku mbili peke yake, na ile ngozi ya ngoma imekatwa kwa kisu, ipo kwenye buti la gari. Akasema nimpeleke kwa yule mama. Tukasimama barazani kwake, mvua inanyesha. Wendell akaomba radhi. Mama akasema, 'Nimesikia,' akafunga mlango."

"Basi?"

"Basi. Sijui kama alinipigia kura tena, sikumuuliza. Toka siku ile nikiomba kura siwaiti wajomba. Hawakuwa watu tena, nilikuwa nimewafanya mabango. Nikawa diwani huku, na kule kwao nikawa mtu wa kengele. Miaka yote nangoja siku ambayo sitaki kitu kwa mtu yeyote, ndipo nisimame nao. Siku hiyo ni kesho, na Wendell hawezi kupiga. Kwa hiyo sitakwambia usiogope. Nakwambia tu nakuhitaji."

Alifahamu kuhusu kituo cha basi, bila shaka. Nilimwambia hata hivyo. Nilimwambia na kuhusu harusi na mlango wa nyuma. Akasema, "Baba yako aliniambia kabla sijanunua tiketi," akakata kona kuingia Unionville.

Jumamosi jioni nilikaa jikoni na Wendell. Nilimwomba anionyeshe chochote kwa mkono wa kulia, hata kwa mdomo. Alikataa, si kwa ukali. "Nikikuonyesha utakipiga hicho hicho," alisema. Nilimuuliza je, nikiharibu.

"Utaharibu. Mimi nimeuharibu wimbo huo katika miji usiyoweza kuitamka."

"Ukafanyaje?"

"Niliendelea. Wale watatu wako nyuma yako, hawana pa kwenda." Kisha akautoa mkono wake wa kushoto mfukoni, mara ya kwanza mbele yangu, akauweka mezani kama kitu cha mtu mwingine. "Ninachokosa si zile noti nzuri," alisema. "Nakosa hata kuharibu."

Nilimmiminia chai.

Jumapili, saa nane mchana, ukumbi wa parokia, Malvern. Viti vilijaa, wengine walisimama ukutani. Wagoa wazee waliovaa suti, akina mama wa Kitamil, Wajamaika, Wasomali, Wakenya waliokuwa wakitaniana kwa Kisheng karibu na meza ya vinywaji, vijana waliozaliwa hapo hapo. Hotuba zilikuwa tatu na zote zilikuwa ndefu. Agnelo alisema maneno machache. Alisema ndani ya ukumbi kuna marafiki zake aliowaficha miaka mingi, na kwamba aliwaficha kwa sababu yeye alikosea, si kwa sababu wao hawafai kuonekana. Baadhi ya watu wazima walitazamana, naona walikumbuka. Kisha akavua koti, akachukua kengele ya ng'ombe.

Kichupa changu kiligonga nyuzi kabla ya wimbo kuanza. Hoyt akahesabu. Tukaanza. Mbele ya wapiga kura wake wote Agnelo aligonga nje ya mstari toka pigo la kwanza. Watu wakacheka, naye akacheka pia, akaendelea kugonga. Nilimtazama mtu aliyepima kila neno lake kwa miaka yote hiyo, anakosea mbele ya umma kwa raha kama anakula.

Mapigo kumi na sita yalifika. Sikuwa na kitu. Nilitelezesha kichupa kutafuta noti niliyoiwazia, kikapita mbali, gitaa likalia noti ambayo haimo kabisa katika wimbo ule. Mbaya. Niliisikia ikienda mpaka ukuta wa nyuma. Mkono wa kulia ulianza kushuka, na macho yangu, nasema ukweli, yalikuwa yameshautafuta mlango, nao ulikuwa upande wa kushoto, nyuma ya mapipa ya juisi.

Halafu besi ikahama. Yule mzee wa kutabasamu aliiacha njia yake akaja kusimama chini ya noti yangu mbaya, na gitaa la pili likaja, na Hoyt akagonga kitu kizito kana kwamba noti hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta wote. Noti ikawa na nyumba. Nikaipiga tena, makusudi. Nikaipiga mara ya tatu, nikaiteremsha kidogo kidogo mpaka ikaungana na wimbo. Sijui niliishia pigo la ngapi, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani sikuwa nahesabu. Nilipotazama mbele, Wendell kwenye kiti cha mstari wa kwanza alikuwa ameegemea mbele, mdomo wazi, kama mtu anayesikia habari za kwao.

Tulimaliza. Wote. Na mimi.

Agnelo alinikumbatia na kengele ikiwa bado mkononi, ikanigonga mgongoni. "Umepiga vilevile kama kaseti!" alipiga kelele sikioni mwangu. "Vilevile!"

Wendell alinitazama juu ya bega la Agnelo, akaweka kidole midomoni: nisiseme.

Jumanne niliondoka. Wajomba walikuwa wameshaanza safari yao ya siku mbili kurudi Georgia, na Anti Filo alikuwa akilalamika kwamba hawajabakiza hata mkate. Uwanjani Agnelo hakutoa hotuba. Alisema kesho yake ataamka na hatakuwa na kikao, na hajui atafanya nini, na inamtisha. Nilifurahi kwamba aliniambia.

Nimerudi wiki tatu sasa. Watu wananiuliza nimejifunza nini, nami ningependa kuwapa kitu kilichonyooka. Nilidhani wale wanamuziki wanapendana na Agnelo kwa sababu mambo yalikwenda vizuri. Hayakwenda vizuri. Yaliharibika mbele ya watu, gazetini, na kila mmoja akaenda kumfuata mwenzake alipokuwa amepotea. Nami nilikuwa nimetumia miaka tisa kuhakikisha hakuna mtu atakayelazimika kunifuata popote.

Sijapona. Andiko hili nimelirudia mara saba. Lakini juzi mama mchungaji alikuja kuniomba nipige gitaa ibada ya Jumapili hii, akasema anajua ni ghafla, kama nahitaji muda wa mazoezi tunaweza kupanga mwezi ujao, au hata baada ya Krismasi, wakati wowote nitakapokuwa tayari.



"Hapana, Mama," nilimwambia. "Jumapili hii nitakuja."